Sura ya Saba: Ampea Kabla ya Volti

Fundi simu mwenye pawasaplai asiyejua kuweka kikomo cha ampea ni hatari zaidi kwa simu ya mteja kuliko fundi asiye na pawasaplai kabisa. Asiye nayo atairudisha simu na ugonjwa ule ule iliyokuja nao. Mwenye nayo anaweza kuirudisha ikiwa imeungua sehemu tatu mpya, na mteja asijue kamwe kilichotokea. Leo kiboksi hiki kipo kwenye meza nyingi za ufundi, kuanzia Mbagala Rangi Tatu na Tandika mpaka Makumbusho na Tegeta, kwa hiyo nimekitengea sura yake peke yake.

Mafundi redio wa zamani hawakukihitaji sana. Redio ilikula betri kavu nne, volti sita jumla, na betri zenyewe zilitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita, zikauzwa kila duka la mtaa kwa jina la National. Fundi aliyetaka kujaribu redio alizipanga betri kwenye ubao, akavuta nyaya mbili. Betri kavu ilikuwa na huruma: ndani yake mna ukinzani unaoizuia kutoa ampea nyingi kwa mpigo, kwa hiyo ukikosea kuunganisha, mara nyingi transista ilipona. Kwenye pawasaplai, huruma hiyo unaiweka wewe mwenyewe kwa mkono, kupitia nobu ambayo wengi wanaifungua mpaka mwisho siku ya kwanza na hawaigusi tena.

Kazi ya pawasaplai ni kuuchukua umeme wa TANESCO, volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu kama wa betri, kwa volti unazozitaka. Mafundi simu wengi wanatumia za volti 15 na ampea 2. Wa laptop hupendelea za volti 30 na ampea 5, kwa kuwa laptop nyingi hula volti 19 au 20. Usoni utakuta nobu ya volti, nobu ya ampea, taa mbili zilizoandikwa C.V. na C.C., na matundu matatu ya nyaya. Jekundu ni chanya na jeusi ni hasi. La kijani limeungwa na bati la mashine pamoja na ethi ya ukutani. Si hasi ya pili, na anayelitumia kama hasi anashangaa kwa nini simu haiwaki.

Taa ya C.V. ikiwaka, mashine inashikilia volti ulizoweka, na ampea zinafuata mahitaji ya simu. Ikiwaka ya C.C., simu imetaka kuvuka kikomo chako. Mashine inazishikilia ampea na kuziachia volti zianguke. Hapa ndipo kuna dhana potofu iliyozoeleka, kwamba ukiweka ampea 2 basi simu itasukumiwa ampea 2. Sivyo. Volti ndizo zinazosukuma. Ampea huvutwa na mzigo, na nobu yako inasema tu mwisho wa kuvuta ni wapi. Ndiyo maana kosa la volti huua hapo hapo, na kikomo cha ampea ndicho kinachoamua kosa jingine lolote litakuwa kubwa kiasi gani.

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Washa mashine klipu zikiwa hewani, hazijagusa kitu. Weka volti 4.0, zinazotosha simu yenye betri ya seli moja. Rudisha nobu ya ampea chini kabisa, kutanisha klipu nyekundu na nyeusi, kisha pandisha ampea polepole mpaka isome 0.50. Ziachanishe. Volti zitarudi 4.0, na sasa unajua kwamba hata bodi iwe na shoti ya namna gani, haitapata zaidi ya nusu ampea. Ndipo uguse bodi, hasi kwanza, chanya baadaye. Kama mashine yako ni ya aina inayolia na kukata ikikutana na shoti, usizikutanishe klipu. Fuata kitabu chake, na tambua kwamba haina ulinzi sawa na huu.

Usidhani pia kwamba kikomo kinazuia kila kitu. Nyuma ya matundu yale, ndani ya mashine, mna kapasita iliyojaa umeme wa volti ulizoweka. Klipu inapogusa bodi, kapasita hiyo inamwaga kilichomo kabla sakiti ya kikomo haijawahi kuitikia. Kwa volti 4 mmwago huo ni mdogo. Kwa volti 12 zilizobaki kutoka kazi ya jana, unatosha kabisa kuua aisi ya pawa. Kwa hiyo macho yaende kwenye volti kila mara kabla mkono haujaenda kwenye klipu, hata kama ni wewe mwenyewe uliyeitumia mashine dakika tano zilizopita.

Ukishazoea kuweka, jifunze kusoma. Kipimo cha ampea kinaeleza habari za bodi mapema kuliko multimita. Wanafunzi wa ufundi hupitia mazungumzo kama haya kila wiki:

"Fundi, ampea zimepanda zenyewe."

"Umebonyeza pawa?"

"Sijabonyeza bado."

"Basi toa klipu kwanza. Hiyo ni shoti, usiitafute na umeme mwingi."

Simu nzima, ikiunganishwa na kabla ya kubonyeza pawa, inakaa kwenye sifuri au miliampea chache tu. Ikirukia kwenye kikomo papo hapo, C.C. ikawaka na volti zikaanguka karibu na sifuri, laini kuu ya betri ina shoti. Ikionyesha 0.08 au 0.15 bila kubonyezwa, kuna kitu kinavuja, na mara nyingi ukipitisha kidole utakihisi kina joto. Ukibonyeza, ampea zinapaswa kupanda na kuchezacheza, maana prosesa inaamka, inasoma programu, inawasha kioo. Zikipanda kidogo kisha zikaganda hapo hapo bila kucheza, simu imekwama mwanzoni mwa kuamka. Zisipopanda kabisa, angalia kibonyezo na njia yake kabla hujaihukumu aisi. Na simu ikionyesha nembo halafu ikazima, ikarudia tena na tena, tazama kwanza kikomo chako: nusu ampea inatosha kutafuta shoti lakini haitoshi simu kubwa ya kisasa kuwaka mpaka mwisho. Ukishathibitisha hakuna shoti, panda hadi ampea 1.5 au 2. Bodi nzima zimewahi kubadilishiwa prosesa kwa sababu ya nobu hii tu.

Kwa usomaji huu, mashine yenye mshale ina faida ambayo ya namba haina. Mshale unaonyesha mchezo wa ampea sekunde ileile. Namba huchelewa na kurukaruka. Kwa kuweka volti, namba ni bora. Mwenye uwezo achukue yenye vyote viwili, na mwenye mshale peke yake asione haya. Anachohitaji ni daftari. Kila simu nzima inayopita mezani, andika modeli yake na jinsi ampea zake zilivyopanda. Vipimo hutofautiana kati ya modeli na modeli, na daftari la namna hiyo halipatikani Kariakoo kwa bei yoyote. Jambo moja tu la kuangalia: simu nyingi mpya huitambua betri kwa pini za ziada, kwa hiyo chanya na hasi peke yake haziziwashi. Tumia waya wenye kiunganishi cha betri cha modeli hiyo badala ya kubana klipu kwenye bodi kwa kulazimisha.

Nyaya zenyewe hupuuzwa sana. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.5 za mraba, urefu wa mita moja, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.07. Kwa ampea 2 unapoteza volti 0.14 njiani: mashine inasema 4.0, simu inapata 3.86. Nyaya za klipu za bei rahisi ni nyembamba kuliko hapo, na nyingine si shaba tupu, kwa hiyo hasara ni kubwa zaidi, na klipu iliyoota kutu inaongeza yake. Pima kwa multimita pale klipu inapogusa bodi, simu ikiwa inavuta. Kisha kata nyaya ziwe fupi, nunua nene, na chomelea klipu kwa lehemu badala ya kuikunja tu.

Kutafuta shoti kwa kusukuma umeme ni kazi nzuri ikifanywa kwa adabu. Unapaka kwenye bodi utomvu wa msonobari, ule ule unaochomea lehemu, ukiwa tabaka jepesi jeupe. Unaanza na volti 1 tu. Unapandisha ampea kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye bodi. Kapasita iliyokufa, kidude kisichofika milimita moja, ikiwa na ukinzani wa omu 0.2, itatoa joto la wati 0.8 kwa ampea 2, na joto hilo lote likibanwa mahali padogo hivyo, utomvu utayeyuka juu yake peke yake. Umempata. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba volti unazosukuma zisizidi volti za laini yenyewe. Laini ya betri inavumilia 4. Laini ya volti 1.8 ukiipa 4, shoti ikikatika ghafla, volti zote nne zinaingia kwenye prosesa na kumbukumbu. Hapo umeua simu wakati ule ule ulipokuwa umeshaiponya.

Suala la kushtua betri nalisema kwa ukali kwa sababu linahusu moto. Betri ya litiamu iliyolala ikashuka chini ya volti 2 kwa muda mrefu huharibika ndani: shaba huyeyuka na kujijenga upya mahali pasipotakiwa, na kuipa chaji ya nguvu ni kuitafutia shoti ya tumboni. Betri iliyovimba haishtuliwi kabisa. Isiyovimba ikiwa imeishiwa, ipe volti 4.2 na kikomo cha ampea 0.1, kaa nayo, na isipovuka volti 3 baada ya dakika chache, iache. Usiiache ikiwa kwenye klipu ukaenda kula wala kuswali. Ndoo ya mchanga mkavu iwe chini ya meza, na Temeke mchanga hatununui.

Kuna ombi jingine la kila siku, la kuchaji betri ya bodaboda. Pawasaplai ya volti 15 inaweza, kwa volti 14.4 na ampea ndogo. Lakini umeme ukikatika, betri inaanza kusukuma kurudi ndani ya mashine, na zipo pawasaplai zisizo na dayodi ya kuzuia hilo. Ukibadili chanya na hasi kwa bahati mbaya, ni cheche na moshi. Toa betri kabla ya kuzima mashine, sio baada. Mimi ningemwelekeza mwenye bodaboda kwa wachaji betri.

Kukatika kwa umeme ni sehemu ya ufundi wetu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme wa mtambo wake wa kwanza Februari 2024, na mgao uliokuwa ukitusumbua ukapungua. Hata hivyo transfoma ya mtaa bado inaungua, tawi la mwembe bado linaangukia nyaya, na umeme wa LUKU bado unaisha katikati ya kazi. Umeme unaporudi, mara nyingine hurudi ukiwa juu au ukiyumba, na pawasaplai nyingi za bei ya chini hurusha volti juu kwa kitambo kidogo zinapowaka. Kwa hiyo giza likiingia, kitu cha kwanza ni kutoa klipu kwenye bodi, cha pili kuzima swichi ya mashine. Umeme ukirudi, subiri utulie, washa, soma volti, kisha unganisha upya. Kama umeme unakatika usiku fremu ikiwa imefungwa, mashine iwe imechomolewa ukutani.

Na ukutani ndipo penye tatizo kubwa zaidi Dar es Salaam, kwa maoni yangu. Fremu nyingi za kupanga hushirikiana mita moja, nyaya zikitambaa juu ya dari, soketi ina matundu matatu lakini la ethi halina kitu nyuma yake. Mwingine ana ethi nzuri akaipoteza kwenye adapta ya pini mbili au ekstensheni ya mchongo. Gusa bati la mashine kwa testa: ikiwaka, bati lina umeme unaovuja na hauna pa kwenda. Ule mwasho mdogo unaouhisi kwenye ngozi unapitia pia chuma chako cha lehemu na klipu zako mpaka kwenye bodi. Aisi hazivumilii hilo. Na siku waya wa ndani ukilegea na kugusa bati, hautakuwa mwasho tena, zitakuwa volti 230 kamili mkononi mwa mtu. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, apime, achimbie fimbo ya ethi kwa kina. Mchanga wetu mkavu wa Mbagala haupitishi umeme vizuri karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo fimbo fupi ni ya kujifariji. Akiweka pamoja nayo swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, umemaliza. Mwenye fremu akikataa kulipia, changieni majirani wote mnaotumia mita hiyo.

Matunzo yenyewe si magumu. Adui wa kwanza ni joto, na wengi hawajui linatoka wapi. Mashine ya transfoma, ile nzito, ndani yake ina takriban volti 20 ambazo transista huzipunguza mpaka kiwango chako. Ukiweka volti 4 na kuvuta ampea 2, simu inapokea wati 8, na volti 16 zilizobaki zinageuka joto la wati 32 ndani ya transista. Kwa hiyo kazi yetu ya simu, volti chache na ampea nyingi, ndiyo inayoichemsha zaidi. Usiipandishie daftari juu, usiisukume mpaka ukutani, acha nafasi ya kiganja pande zote. Feni ikianza kukwaruza, ibadilishe wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kapasita za ndani hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka.

Adui wa pili ni hewa yetu. Kunduchi na Kigamboni kuna chumvi ya bahari, Mbagala kuna vumbi, na masika kote kuna unyevu. Vumbi likilowana linakuwa njia ya umeme. Kabla ya masika, chomoa mashine, fungua, piga vumbi kwa brashi kavu laini na upepo. Lakini usiingize vidole mara tu baada ya kuchomoa. Kwenye mashine nyepesi, zisizo na transfoma kubwa, kapasita ya mbele hubeba karibu volti 325 na inaweza kuendelea nazo baada ya plagi kutoka. Subiri, pima kwa multimita, na kama bado kuna volti imwage kupitia rezista, usitumie bisibisi. Asiyeelewa sentensi hiyo asifungue mashine ya aina hiyo, ampelekee aliyesomea. Chuo cha VETA Chang'ombe kiko Temeke hapo hapo, na VETA pia wana utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani.

Fyuzi ya nyuma ikiungua, weka ya kiwango kilichoandikwa hapo. Anayefunga waya mahali pa fyuzi ameamua kwamba safari ijayo itaungua transfoma, na pengine fremu. Mashine zenye swichi ya 110 na 220 nyuma, hakikisha iko 220 kabla ya kuiwasha mara ya kwanza.

Kila baada ya miezi michache ijaribu kwa taa ya breki ya bodaboda au gari, ya volti 12 na wati 21. Weka volti 12, kikomo 2, unganisha taa. C.C. itamulika kwa kitambo kwa kuwa waya wa taa ukiwa baridi huvuta sana, kisha itarudi C.V. na kipimo kisome karibu na ampea 1.75. Pima volti za matundu kwa multimita unayoiamini. Zikitofautiana na kioo, bandika karatasi usoni mwa mashine inayosema tofauti hiyo.

Mwisho chunguza nobu ya volti. Izungushe taratibu bila mzigo ukitazama kipimo. Volti zikiruka badala ya kupanda kwa utulivu, ndani yake pamechakaa, na katika mashine nyingi mguso ukipotea hapo volti hupaa mpaka juu kabisa: 15 au 30 kwenye simu iliyotakiwa kupewa 4. Nobu hiyo ni kipuri cha bei ndogo, kibadilishe kabla ya kazi nyingine yoyote. Na ukiamua kuiuza mashine yako kwa kijana anayeanza ufundi, mwambie wazi kama nobu inaruka, maana yeye ataijua siku atakapounguza simu ya mteja wake wa kwanza, na hatakuwa na fedha ya kuilipa.